Kupaa na kupalizwa ni vitu viwili: swali nililoulizwa kwenye msiba wa mama, Bagamoyo

Binti wa Dunda (mleta uzi)

Wadau habari zenu, poleni na majukumu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite atarudi jioni.

Mwezi uliopita tulimzika mama hapa Bagamoyo. Usiku wa pili wa msiba jumuiya walikuja kusali rozari, yalikuwa matendo ya utukufu, na mimi ndio niliongoza kwa sababu mama alikuwa kiongozi wa sala miaka yote na watu waliona ni haki mtoto wake ashike. Tukafika tendo la nne nikasoma kama nilivyosoma tangu niko darasa la pili, Bikira Maria kupalizwa mbinguni, tumwombe Mungu atujalie kufa vizuri, na hapohapo kwenye kufa vizuri sauti ikaniisha. Shangazi akapokea, wakaendelea.

Tumemaliza, chai inapita, jirani mmoja mlokole, mtu mwema sana ambaye hata turubai tulilokalia ni lake, akanisogelea akaniuliza taratibu, dada samahani, kila siku nawasikia nashindwa kuelewa, huyu Maria alipaa lini na imeandikwa wapi? Hakuuliza kwa kejeli kabisa. Nikamjibu juujuu tu, nikasema ni mapokeo ya kanisa, akaitikia kwa heshima akanyamaza. Mimi nikakesha na aibu maana nilijua sijamjibu. Tangu siku ile nasoma, nauliza mapadri, nasumbua watu, na haya ninayoandika ndio ningemwambia usiku ule kama ningekuwa na akili ya kutulia.

Kwanza kabisa, Maria hakupaa. Aliyepaa ni Yesu. Kiswahili chetu kimetusaidia hapa kuliko tunavyojua ila tunakichukulia kirahisi. Sikukuu ya siku ya 40 baada ya Pasaka inaitwa Kupaa Bwana, kapaa mwenyewe kwa uwezo wake. Ya tarehe 15 Agosti inaitwa KUPALIZWA, yaani kuna aliyempaliza, yeye kafanyiwa. Hata Kilatini ndio hivyohivyo, moja wanaita ascensio nyingine assumptio, na hao akina mama wote mnaowajua wanaoitwa Asumpta (mama yangu ni mmoja wao) jina lao maana yake ni aliyetwaliwa. Sisi wa pwani tuna mfano uko mbele ya macho kila alfajiri pale forodhani, tanga halijitweki. Linatwekwa na mikono ya mtu, likishafika juu ndio linabeba upepo na kila aliye ufukweni analiona. Mtu akiona tanga liko juu akasema tanga limejipandisha, amekosea, na mtu akiona Wakatoliki wanafurahia Maria kuwa mbinguni akasema wanamfanya mungu, na yeye amekosea kosa lilelile. Mungu ndiye mtenda, Maria ni mtendwa.

Pili, kanisa lenyewe linasema nini hasa, maana wengi hata sisi wenyewe tunasimulia vya kusikia. Tarehe 1 Novemba 1950 Papa Pio XII alitangaza kwamba ni fundisho la imani kuwa Maria, Mama wa Mungu, Mkingiwa dhambi ya asili na Bikira daima, alipomaliza mwendo wa maisha yake ya duniani alitwaliwa mwili na roho katika utukufu wa mbinguni. Basi, hayo tu. Hakuna malaika wangapi, hakuna wingu la rangi gani, hakuna alikuwa na miaka mingapi, hakuna ilikuwa mji gani. Hizo picha tulizoziona kwenye kalenda ni za wachoraji, sio fundisho.

Alafu kitu cha tatu ambacho ndicho kimenifanya niandike. Neno zito pale sio mbinguni, neno zito ni MWILI. Kwamba roho za watakatifu ziko kwa Mungu hilo hata jirani yangu anakubali. Linalosemwa zaidi kuhusu Maria ni mwili wake, ule uliobeba mimba miezi tisa, uliotembea milimani Uyahudi kwenda kwa Elisabeti, uliosimama chini ya msalaba, huo haukuachwa uoze.

Mimi mama yangu nimemuosha mwenyewe na mama wadogo wawili. Sukari ilimtesa miaka kumi na moja, mguu mmoja ulishakatwa vidole viwili, mgongoni kuna michubuko ya kulala muda mrefu. Ule mwili ulinizaa, ulikaanga samaki na kuuza miaka yote ili sisi tusome, mikononi kuna makovu ya mafuta ya moto nayajua moja moja. Ndugu zangu wengine wakawa wananiambia usilie, huyo sio mama tena hilo ni gamba tu, mama ameshaenda. Najua walikuwa wananifariji lakini moyo wangu ulikataa, gamba gani lina makovu ninayoyajua? Ndio baadaye nikaelewa kwamba hata kanisa linakataa. Mwili sio gamba. Mungu anautaka na wenyewe, na amekwishaanza, limbuko ni Kristo na Mama yake amemfuata, na wengine tuko foleni.

Na tuko Bagamoyo jamani. Kama kuna mahali duniani watu wanatakiwa kuelewa hili ni hapa. Mji huu miili ya watu ilihesabiwa, ikafungwa minyororo, ikapigwa bei kama vipusa na pembe, minyororo yenyewe iko makumbusho ya misheni pale nenda kaitazame. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika 1868 wakaanzisha kijiji cha waliokombolewa utumwani, na kwetu upande wa mama tunahesabu mababu mpaka kwa mtoto mmoja wa kijiji kile. Hivi mtu ambaye mwili wake uliuzwa sokoni, ukimfundisha kwamba kuna binti masikini wa Nazareti ambaye mwili wake Mungu aliuthamini mpaka akautwaa asiuache kaburini, unadhani atasikia nini?

Naombeni michango. Kama kuna nilipokosea nirekebisheni, kejeli hapana, bado nina msiba.

---

Kaole Kwetu

Pole sana dada, Mungu amrehemu mama. Nimesoma yote. Mimi ni wa kiroho (nimeokoka) na naomba nami niulize kwa upendo. Umeandika vizuri sana lakini hujasema imeandikwa wapi. Yohana 3:13 Bwana Yesu anasema hakuna mtu aliyepaa mbinguni ila yeye aliyeshuka kutoka mbinguni. Na 1 Wakorintho 15:23 inasema kila mmoja mahali pake, limbuko ni Kristo, baadaye walio wake Kristo ATAKAPOKUJA. Sasa Maria karukaje foleni uliyoisema mwenyewe?

---

Binti wa Dunda

Ahsante kaka Kaole, na ahsante kwa kuuliza vizuri. Andiko linalosema waziwazi siku fulani Maria alitwaliwa halipo, na nitakuwa muongo nikikwambia lipo. Biblia inamtaja Maria mara ya mwisho Matendo 1:14 wako ghorofani wanasali pamoja, kuanzia hapo kimya. Haisemi alitwaliwa, haisemi alizikwa wapi. Hata kifo cha Petro na Paulo hakijaandikwa na bado wote tunakubali waliuawa Roma.

Kuhusu Yohana 3:13, soma tena neno, aliyePAA. Narudi kulekule kwenye tanga. Ingekuwa aya ile inakataza Mungu kumtwaa mtu basi Eliya tungemweka wapi, 2 Wafalme 2:11 anachukuliwa kwa upepo wa kisulisuli, na Henoko ambaye Waebrania 11:5 inasema alihamishwa asije akaona mauti? Wale nao hawakupaa wenyewe.

La foleni ni swali zuri. Mathayo 27:52 inasema Yesu alipokufa makaburi yalifunguka, ikainuka miili mingi ya watakatifu waliolala. Kwa hiyo Mungu anaruhusu wengine watangulie, na kutangulia huko hakuvunji ahadi kwa waliobaki. Mimi naona ni kama arubuni ya nyumba, ukishapewa ile ya kwanza unajua biashara ni ya kweli.

---

Msabato wa Majengo

Pole dada yangu kwa msiba. Kwetu tunaamini wafu wamelala hawajui neno lolote, Mhubiri 9:5, mpaka parapanda, hivyo Maria naye amelala anasubiri. Mama yako vilevile amelala kwa amani, asubuhi ya ufufuo mtaonana.

Ila nikiwa mkweli lazima niseme jambo. Sisi tunafundisha kwamba Musa alifufuliwa na kuchukuliwa, kutokana na Yuda 1:9 na kule mlimani alipomtokea Yesu pamoja na Eliya. Kwa hiyo hoja ya kwamba haiwezekani kabisa mtu kutangulia siwezi kuitumia mimi. Hoja yangu inabaki moja, ya Musa tunaitoa kwenye Maandiko, ya Maria mnaitoa wapi? Mkitegemea vitabu vya hadithi ndio shida ilipo.

---

Frateri wa Zamani

Hapo kwenye vitabu vya hadithi naomba niingie, nilisoma seminari miaka kadhaa kabla ya kutoka na historia ya Mababa wa Kanisa ndio ilikuwa penzi langu. Na nianze na yale yasiyotupendelea, maana Wakatoliki wengi huwa tunayaficha bila sababu.

Mwaka 377 hivi kuna askofu wa Salamis kule Kupro anaitwa Epifani, mtu mkali mwenye kupinga uzushi, aliandika kwamba mwisho wa Maria hakuna aujuaye. Alipima kama alikufa akazikwa, kama aliuawa, kama alibaki hai, akasema Maandiko yamenyamaza. Hiyo ni karne ya nne. Alafu karne ya tano na sita vikaanza kusambaa vitabu vinavyosimulia mitume kuletwa juu ya mawingu mpaka kitandani kwa Maria, Tomaso anachelewa, kaburi linafunguliwa halina mtu, n.k. Na iko orodha ya kale inayoitwa ya Gelasio ambayo imekitaja kitabu cha namna hiyo kati ya vitabu visivyokubalika. Kwa hiyo ndugu Msabato yuko sahihi kwamba vitabu vile ni vya mashaka na kanisa lenyewe lilisema hivyo.

Lakini angalia kitu kimoja. Kukataa kitabu sio kukataa tukio. Shahidi mahakamani akiongeza chumvi hakimu anaweza kuutupa ushahidi wake wote, lakini kesi bado haijafa. Kilichobaki kina nguvu kuliko vile vitabu, nacho ni masalia. Wakristo wa kwanza walikuwa wanathamini mifupa sana. Polikarpo askofu wa Smirna alipochomwa moto karne ya pili waamini wake waliokota mifupa wakaandika kwamba ni ya thamani kuliko vito. Petro yuko Roma, Paulo yuko Roma, hata hapa kwetu Afrika Mashariki nendeni Namugongo muone wanavyomtunza Karoli Lwanga. Miji iligombania mpaka kidole cha mtakatifu. Sasa niambieni ni mji gani, kanisa gani, mfalme gani katika miaka 2000 aliwahi kusema mifupa ya Mama wa Yesu iko kwangu? Nguo na mishipi wamedai. Kaburi wamedai, la Yerusalemu lipo mpaka leo bonde la Kidroni karibu na Gethsemane, na Efeso kule Uturuki kuna nyumba wanayosema aliishi. Mwili hakuna aliyewahi kudai.

Yohane wa Damasko karne ya nane alihubiri sana juu ya hili, na kwenye hotuba zake kuna simulizi kwamba wakati wa Mtaguso wa Kalsedonia mwaka 451 kaisari Marsiani na mkewe Pulkeria walimuomba Juvenali askofu wa Yerusalemu awaletee mwili wa Maria wauweke Konstantinopoli, akawajibu kaburi lilikutwa tupu. Simulizi hiyo wanahistoria wanaijadili na mimi siiegemei sana. Sikukuu ndio ushahidi mgumu zaidi. Kaisari Morisi, aliyetawala 582 mpaka 602, aliamuru isherehekewe 15 Agosti himaya nzima, na Roma Papa Serjio wa Kwanza mwishoni mwa karne ya saba akaiwekea maandamano. Waorthodoksi wanaiita Kulala kwa Mama wa Mungu, wanafunga siku 14 kabla yake. Waethiopia nao wana mfungo wao wa siku 15 mwezi huu wa nane. Hawa wote hawako chini ya Papa na wamegombana na Roma kwa mengi, lakini hili wanaliadhimisha. Kwa hiyo anayesema fundisho lilitungwa 1950 ni sawa na kusema mtu alizaliwa siku alipochukua cheti cha kuzaliwa.

Dada mleta uzi nina rekebisho moja dogo. Umeandika vizuri ila usimwambie mtu kwamba Maria hakufa. Sikuona umesema hivyo waziwazi ila mfano wa Henoko unaweza kumpeleka mtu huko. Pio XII alisema "alipomaliza mwendo wa maisha yake ya duniani" makusudi, akaliacha wazi. Watu wa Mashariki wote wanasema alikufa kwanza, na Yohane Paulo II katika katekesi yake ya Juni 1997 alieleza kwamba Maria alipitia kifo, maana kama Mwanae alikufa haieleweki mama awe juu ya Mwana.

---

Binti wa Dunda

Frateri nimekusoma, na kweli kichwani kwangu nilikuwa nadhani hakufa. Yaani tangu utotoni. Nimerudia mara tatu hiyo sentensi yako ya mwisho.

Sasa ndio naelewa ile sala ya tendo la nne. Miaka yote nilikuwa najiuliza inahusianaje, tendo ni la kupalizwa mbinguni alafu tunaomba kufa vizuri, kama vitu viwili vimeshonwa kwa nguvu. Kumbe aliyelala vizuri kuliko wote ni yeye, kaupitia huo mlango kama mama alivyoupitia. Mama alikufa saa kumi alfajiri, ameshika rozari, alikuwa anapumua kwa shida akaomba maji kijiko kimoja, akasema niitieni mdogo wenu, akaja, akamtazama, basi. Sijui kama hiyo ndio kufa vizuri lakini mimi naamini ndio.

---

Nahodha Mstaafu

Asalaam aleikum, mwanangu pole sana, mama yako nilikuwa namfahamu, ndie alikuwa akinunua dagaa na nguru kwangu pale mnadani alfajiri hata kabla hujazaliwa, hakuwahi kunidhulumu hata shilingi moja. Innaa lillahi.

Mimi ni Muislamu sina la kuingilia kwenye itikadi yenu. Ila nilipenda hilo la tanga, umesema kweli, tanga hutwekwa. Sisi kwetu Bi Maryamu ana sura nzima ya Qur'ani inayobeba jina lake, sura ya 19, na hakuna mwanamke mwingine aliyetajwa kwa jina lake humo. Kisomo chetu mwisho wake haukuelezwa, tumeelezwa alivyojifungua chini ya mtende akaambiwa atikise shina zimdondokee tende. Lakini Isa bin Maryamu sisi tunasema alinyanyuliwa, Mwenyezi Mungu alimnyanyua kwake, sura ya 4 aya ya 158. Kwa hiyo hilo la Mungu kumnyanyua mja wake ampendae si geni kwetu. Tofauti yetu inajulikana na ujirani wetu unajulikana.

Nimekuja pia nikwambie kwamba siku ya mazishi vijana wangu ndio walichimba.

---

Binti wa Dunda

Waaleikum salaam baba. Najua walichimba wao, na walikataa soda mpaka tulipomaliza. Sitasahau.

Na baba nikwambie kitu nilichokuta kwenye kusoma kwangu. Lile kaburi la Yerusalemu alilotaja Frateri, ukishuka zile ngazi ndani ya lile kanisa, pembeni ya kaburi la Bi Maryamu kuna mihrabu, Waislamu nao waliswali pale. Wagiriki na Waarmenia wana altare zao humohumo. Niliposoma nikafikiria mtaa wetu.

---

Kaole Kwetu

Frateri hoja ya masalia sikuwahi kuisikia na nakiri ni nzito, lakini kutokuwepo mifupa sio ushahidi wa kutwaliwa. Kuna watu wengi tu wa Biblia hatuna mifupa yao. Yusufu mume wa Maria mifupa yake iko wapi? Mbona hamsemi naye alipalizwa?

---

Frateri wa Zamani

Kaole umenibana vizuri. Ndio, peke yake haitoshi, na ya Yusufu ni hoja halali kabisa. Kutokuwepo mifupa hakuzai imani, ila imani iliyokuwepo kila upande, Siria, Misri, Ugiriki, Roma, ingekufa siku moja tu kama mtu angesema njooni muone mwili huu hapa. Hakuna aliyesema. Kwa Yusufu hakukuwa na imani hiyo iliyoenea ya kuikanusha.

Na wala mzizi wa imani yenyewe sio mifupa, ni ule uhusiano wa Mwana na Mama. Soma Ufunuo 11:19 bila kusimama kwenye namba za sura, hekalu la mbinguni linafunguka, sanduku la agano linaonekana, na aya inayofuata ni mwanamke aliyevikwa jua, mwezi chini ya miguu yake na taji ya nyota kumi na mbili. Luka naye alilijua hilo la sanduku. Daudi anasema sanduku la Bwana litanijiaje, 2 Samweli 6:9, Elisabeti anasema limenitokea wapi hata mama wa Bwana wangu anijilie. Sanduku lilikaa nyumba ya Obed-edomu miezi mitatu, Maria alikaa kwa Elisabeti kama miezi mitatu. Na sanduku lilitengenezwa kwa mti wa mshita, Kutoka 25:10, ambao tafsiri ya kale ya Kigiriki inauita mti usiooza. Mababa walipounganisha hayo na Zaburi 132:8, Inuka Bwana, uingie kwenye pumziko lako, wewe na sanduku la nguvu zako, waliona sanduku haliachwi nyuma. Najua wengine wanamsoma yule mwanamke wa Ufunuo kama Israeli au Kanisa, na Wakatoliki pia tunakubali maana hizo. Zinakaa pamoja.

---

Mmagila

Salamu kutoka Muheza. Sisi Waanglikana wa asili ya UMCA (ile misheni ya zamani ya Kianglikana) huku Tanga na Unguja Salamu Maria tunasali na tarehe 15 Agosti ni siku ya Maria kwetu pia, ingawa la mwili kutwaliwa hatulazimishwi kuliamini kama ninyi, anayeamini anaamini. Nawaona watu wanafikiri kila asiye Mkatoliki hana habari na Maria. Mlutheri mwenyewe, namaanisha Martin Luther, alihubiri sikukuu hiyohiyo 15 Agosti 1522 akasema hakuna shaka Maria yuko mbinguni, ila namna alivyofika Biblia haijatuambia. Mimi huwa nabaki hapohapo. Pole kwa msiba dada.

---

Fundi Jahazi

Samahani kuuliza nje ya mada kidogo, nimeona mnaongelea miili na Bagamoyo nikakumbuka ule mnara wa Livingstone. Hivi na ile ina uhusiano?

---

Binti wa Dunda

Fundi sio nje ya mada, umeniwahi tu, hili nilitaka kuliandika mwanzo nikaona uzi unarefuka.

Livingstone alikufa 1873 kule kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake akina Chuma na Susi na wenzao wangeweza kumzika palepale waende zao makwao, nani angewauliza? Walizika moyo wake chini ya mti, mwili wakautia chumvi wakaukausha juani, wakaufunga kwa magome na nguo, wakaubeba kwa miguu miezi mingi mpaka hapa kwetu. Tarehe 24 Februari 1874 ukalazwa usiku mmoja kwenye mnara wa kanisa la misheni, kisha Unguja, kisha London, wakamzika Aprili 1874. Na London walithibitisha ni yeye kwa mfupa wa mkono, ule uliovunjwa na simba miaka mingi kabla ukaunga vibaya.

Mimi nasikia watalii wanasimuliwa hii habari kama sifa ya Livingstone. Mimi naona ni habari ya Chuma na Susi. Watu waliokuwa wakijua biashara ya kuuza miili ni nini, wao walibeba mwili mmoja mwendo wote ule kwa sababu waliupenda. Hakuna aliyewaambia ni gamba. Na makovu yake ndiyo yaliyomtambulisha.

Sasa kama wapagazi wameweza kumfanyia hivyo mtu waliyempenda, mimi sioni ugumu kuamini kwamba Mwana wa Mungu alimfanyia zaidi mwanamke aliyemnyonyesha. Amri ya kuwaheshimu baba na mama aliiandika nani? Najua Kaole utasema hii sio aya. Ni kweli sio aya. Ila ndio mlango nilioingilia mimi.

---

Kaole Kwetu

Sitasema dada. Bado siamini kama mnavyoamini, nitakuwa mnafiki nikisema umenibadilisha, kwangu mimi lisiloandikwa naliacha mikononi mwa Bwana. Lakini nilikuwa nafundisha watu kwamba Wakatoliki wanasema Maria alipaa kama Yesu. Hilo sitalifundisha tena kwa sababu sio kweli kwamba mnasema hivyo.

Na yule jirani yako wa maturubai mpelekee jibu lake, usiishie kuliandika huku.

---

Binti wa Dunda

Nilimpelekea jana jioni. Nilimkuta anaanua nguo, tukakaa kwenye mkeka barazani nikamweleza, ya tanga na ya makovu. Alisikiliza yote. Akaniuliza swali moja tu ambalo sikulitegemea, akasema kwa hiyo mnavyoamini nyie Maria sasa hivi ana mikono? Nikamwambia ndio, ana mikono. Akanyamaza kidogo, akasema mama yake yeye alizikwa Kilosa mafuriko yakachukua makaburi, hawajui mifupa iko wapi mpaka leo. Tukakaa mpaka adhana ya magharibi.

---

Bibi Rozari

Wanangu mimi sijui kuandika sana, mjukuu ndie ananiandikia. Mama yako tulikuwa naye WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki. Tarehe 15 Misa ni saa ngapi mwaka huu maana tangazo la jumapili sikulisikia vizuri, spika ilikuwa inakwaruza.

---

Binti wa Dunda

Shikamoo bibi. Saa kumi na nusu jioni, maandamano yanaanzia groto saa kumi kamili, njoo mapema upate benchi la kivulini. Nitapita kukuchukua na bodaboda ya kaka. Mimi nitakuwa kwenye mstari wa akina mama, nitavaa kitenge chake cha bluu, mtanikuta nyuma ya bendera.